Chuo Kimeingia Simuni, Lakini Nani Anakusikiza?

Neno chuo lina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyote vya Kenya. Kabla ya kuwa jengo lenye geti, mlinzi na foleni ya kulipa karo, chuo kilikuwa kitabu. Fungua kamusi za zamani za Kiswahili utaliona hivyo: chuo, vyuo, maandishi yaliyofungwa pamoja. Kutoka hapo likaja jina la mahali watoto wanapokisoma, chuoni, kisha jina la mtu aliyesoma akabobea, mwanachuoni. Hata wanazuoni, neno tunalolitamka kwa heshima zote, ndani yake mna zuo, yaani vyuo kwa lahaja za kaskazini.

Naanza na neno hili kwa sababu limefanya safari na sasa linarudi lilikotoka. Chuo kilikuwa kitabu, kikawa mahali. Leo mwanafunzi wa Kibokoni anashika simu, anapakua PDF 12 zilizotupwa kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, na huo ndio muhula wake. Chuo kimekuwa kitabu tena.

Tofauti ni moja, nayo si ndogo. Zamani kitabu peke yake hakikutosha. Aliyepitia chuoni hapa Mji wa Kale anajua mambo yalivyokuwa: unaandika kwenye ubao, unarudia mpaka ulimi uzoee, halafu unakwenda kukaa mbele ya mwalimu usikizwe. Ukikosea herufi moja, unarudishwa nyuma. Hukuhesabiwa umesoma kwa sababu kitabu unacho. Ulihesabiwa umesoma kwa sababu yuko mtu aliyekusikiza ukisoma, na akiulizwa anaweza kusema: huyu namjua, huyu amesoma kwangu.

Hicho ndicho kipimo ninachotaka tukitumie kwa elimu ya juu ya mtandaoni. Kasi ya intaneti, uzuri wa programu, bei ya bando, yote hayo tutayafikia. Lakini swali la kwanza liwe hili: nani anakusikiza?

Mwaka 2020 tulilijibu swali hilo bila kupenda. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye shule na vyuo vikaamriwa kufungwa, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakapewa mpaka Ijumaa ya tarehe 20 wawe wameondoka. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, hutoki huingii. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa peke yake, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Mpaka tarehe 6 Juni Kibokoni ilikuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Idd iliwakuta watu humo humo.

Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na masomo ya aina mbili kwenye simu. Misikiti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo masheikh wengi walizihamishia darsa za Ramadhani kwenye Facebook na YouTube. Vyuo navyo vikahamia Zoom na Google Meet. Teknolojia ni ile ile, simu ni ile ile, lakini sauti zilikuwa tofauti kabisa. Darsa ilikuwa na zogo la watu: salamu zinaingia kutoka Lamu, kutoka Malindi, kutoka Muscat, masuala yanaulizwa, na sheikh akilisoma suala humtaja aliyeuliza kwa jina. Muhadhara ulikuwa na kimya. Kamera zimezimwa ili bando isiishe, maiki zimezimwa kwa amri, lekchara anasoma slaidi zake, na baada ya dakika 40 Zoom ya bure inawakata wote katikati ya sentensi. Aliyekuwa amelala na aliyekuwa akiandika walionekana sawasawa: jina jeupe kwenye mraba mweusi.

Na wallahi kuna kejeli hapa. Intaneti hiyo huingia nchini kupitia Mombasa. Kebo ya TEAMS iliyovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ilifika ufukweni kwetu Juni 2009. SEACOM ikafuata Julai mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Yaani ni bahari ile ile waliyoikata manahodha wa majahazi kwa upepo wa kaskazi, ila sasa shehena ni data badala ya tende na mazulia. Kenya nzima yavuta intaneti kupitia mlangoni kwetu, na mwanafunzi wa hapa hapa mlangoni anahesabu megabaiti.

Lakini sitaki tuishie kwenye bando. Bando ni shida ya pesa, na shida ya pesa, hata ikikawia, ina dawa inayojulikana. Shida ya sikio ni nyingine. Unaweza kumpa kila mwanafunzi laptopu na Wi-Fi ya bure, na bado asipate mtu hata mmoja chuoni anayejua anafikiri nini.

Utaniambia ile ilikuwa dharura, tusikihukumu chuo kwa mwaka wa maradhi. Sawa. Basi tuwatazame waliopata muda wa kujipanga.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University. Mihadhara ilirushwa kwa satelaiti kutoka vyuo vya ng'ambo hadi kumbi za vyuo vya Afrika, Kenyatta University kikiwa kimojawapo, na mwenye swali alipiga simu upande wa pili wa bahari. Mwaka 2002 makao yake yakahamishiwa Nairobi. Wazo lilikuwa kubwa, hilo silikatai. Ila tazama umbo lake: mwalimu yuko mbali, jina lako halijui, na somo lilitungwa bila kukuwaza wewe.

Mwaka 2012 likaja wimbi jingine, lenye majina mapya: Coursera, edX. Harvard bure, MIT bure, popote ulipo, ukiwa umelala kitandani. Watu walitabiri kwamba vyuo vya matofali vimekwisha. Mwaka 2019 jarida la Science likachapisha hesabu za Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, waliozichunguza kozi za MIT na Harvard kwenye edX. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza kozi walikuwa kama asilimia 3 ya washiriki wote. Na ukuaji wa kozi zenyewe ulikuwa karibu wote katika nchi tajiri. Watu mia wanaingia kwa mlango wa mbele, watatu wanatokea upande wa pili, na mlango wenyewe hauko mtaani kwetu. Video zilikuwa nzuri, walimu walikuwa hodari. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: mbona wiki hii hatukukuona?

Sasa linganisha na jirani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, wakati intaneti haijafika mitaani kwetu. Silaha zake zilikuwa vitabu na posta. Hata hivyo kilijenga vituo mikoani, Unguja na Pemba vikiwemo, ambako mwanafunzi hufanyia mitihani na kukutana na walimu na wenzake uso kwa uso. Hakuna atakayekwambia safari hiyo ilikuwa nyepesi, au kwamba kila aliyeanza alimaliza. Lakini waliokibuni walielewa jambo moja ambalo wale wa edX walilisahau: mwanafunzi wa mbali ndiye anayehitaji zaidi mtu wa karibu.

Kenya tumefika huko tukiwa nyuma kwa miaka 30 hivi. Open University of Kenya ilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, makao yake Konza. Ni chuo cha umma kinachofundisha mtandaoni. Na si hicho peke yake. Baada ya korona ni vigumu kupata chuo kisichokuwa na angalau kozi kadhaa za mtandaoni, na mwanafunzi anayelala Mombasa aweza kuwa na mwalimu aliyeko Nairobi au London.

Tuseme haki basi: kuna watu ambao jambo hili limewafungulia mlango uliokuwa umekomewa. Mfikirie mama wa watoto wawili, ghorofa ya pili katika kichochoro cha Kibokoni, aliyeacha masomo alipoolewa. Zamani digrii kwake ilikuwa habari iliyokwisha. Sasa watoto wakishalala, anafungua simu. Mfikirie kijana wa hapa aliyeko Doha, kazi ya zamu, siku ya mapumziko ni moja kwa wiki. Mfikirie ustadhi anayesomesha madrasa asubuhi na jioni, na aliyetaka siku zote kusomea ualimu rasmi. Hawa wote vyuo vyetu vya matofali viliwaambia, bila kutamka: acha maisha yako uje, au baki ulipo. Anayeibeza elimu ya mtandaoni akiwa amekaa kwenye kampasi yenye miti na kivuli aanze kwa kuwajibu hawa.

Lakini hapo hapo pana mtego ambao hatuusemi kwa sauti. Teknolojia inayomwezesha mwanamke kusoma bila kutoka nyumbani ndiyo hiyo hiyo inayompa mtu sababu ya kumzuia asitoke. Msichana amefaulu, amepata nafasi Nairobi. Zamani familia ililazimika kukaa kitako iamue: aende au asiende? Mjadala ulikuwa mkali, na wapo walioshinda. Leo mjadala unafungwa kwa sentensi moja yenye sauti ya upole: "Kwani shida iko wapi mwanangu, si utasoma hapa hapa kwa simu?" Hakuna aliyemkataza kusoma. Amekatazwa tu kupotea njia katika mji mgeni, kubishana na mtu wa dini nyingine kwenye meza ya chakula, kujua kwamba anaweza kuishi peke yake. Mambo hayo hayamo kwenye PDF, na kwa wengi wetu ndiyo yaliyokuwa nusu ya digrii.

Kuna mtoto mmoja wa Mombasa ambaye historia yake inaonyesha vizuri kinachopimwa hapa. Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichapisha magazeti, Sahifa kisha Al-Islah, ili maneno yake yafike mbali kuliko darsa yake. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya masafa, kwa teknolojia ya siku zile. Mwanawe alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Akawa karani MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu pale Tudor, ambayo leo ndiyo Technical University of Mombasa.

Ingekuwa leo, hadithi ingeishia hapo. Alama zimeingizwa, mfumo umekataa, jaribu tena mwakani. Lakini katika sherehe moja ya Maulidi karani yule alisimama akahutubu, na kati ya waliosikiza alikuwemo gavana wa Kenya, Philip Mitchell. Kutokana na hotuba ile njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka 1961, udaktari wa Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomkataa kama mwanafunzi ikampa uprofesa.

Na baadaye Mazrui mwenyewe akawa mwalimu wa mbali. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith kwenye redio ya BBC, na mwaka 1986 mfululizo wake wa televisheni, The Africans: A Triple Heritage, ukaingia sebuleni mwa watu ambao hawatakanyaga chuo kikuu maisha yao yote. Kwa hiyo siwezi kumtumia kama shahidi dhidi ya teknolojia. Namtumia kwa mpangilio wa mambo yake: alisikizwa kwanza, ndipo akasikika. Amezikwa tangu 2014 kwenye makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kibokoni.

Najua, si kila karani ni mtoto wa Kadhi Mkuu, wala si kila Maulidi huhudhuriwa na gavana. Ile ilikuwa bahati, tena bahati yenye jina la ukoo. Na hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu hasa: kuigeuza bahati ile iwe ratiba. Kuhakikisha kwamba mtoto wa mvuvi na mtoto wa muuza viazi karai, hata kama hawajulikani na mtu, angalau mara moja kwa muhula watasimama mbele ya mtu anayejua, waseme, na wajibiwe. Chuo kinachoshindwa kufanya hivyo ni duka la vyeti, hata kikiwa na programu nzuri vipi.

Kama wadhani habari ya kusikizwa ni hisia tu za wazee wa darsa, tazama biashara iliyoota penye kimya hicho. Filamu ya The Shadow Scholars ya Eloise King, iliyotoka 2024, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akikutana na vijana wa Kenya wanaolipwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa ng'ambo. Hapa nyumbani hiyo si siri. Ni nani asiyemjua mtu, rafiki, binamu, aliyelipia kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wazungu? Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwaadhibu wanaouza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England, na mazungumzo mengi yakawa ya udanganyifu: nani mwizi, nani mwongo.

Mimi naisoma filamu ile kama hukumu juu ya vyuo vyenyewe. Mwanafunzi aweza kupata shahada katika chuo chenye jina kubwa, na sauti iliyomo kwenye kila insha yake ni ya kijana aliyeko Nairobi au Mombasa, na mwalimu asigundue. Vipi agundue, na sauti ya mwanafunzi wake hajawahi kuisikia? Upande wa huku, kijana aliyeandika kuhusu uuguzi Jumatatu, falsafa Jumanne na uchumi Jumatano ana elimu ya kumtosha profesa, lakini hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Mmoja ana cheti bila sauti, mwingine ana sauti bila cheti.

Halafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT, ikaanza kuila hata hiyo kazi ya vijana wetu. Vyuo vingi vikajibu kwa kununua programu ya kukamata programu. Sasa mashine inaandika insha, mashine inaikagua, na pengine mashine ndiyo itakayotoa alama. Binadamu amebakiziwa kulipa karo kwa M-Pesa.

Ninachokihofia si kwamba vyuo vya matofali vitakufa. Havitakufa, vitapanda bei. Watoto wa wenye nacho wataendelea kupelekwa mahali penye walimu, mijadala, maktaba na marafiki wa kuja kuwa mawaziri pamoja. Wasio nacho watapewa video na kuambiwa hayo ndiyo maendeleo, tena washukuru. Vyeti vitafanana kwa maandishi. Havitafanana mbele ya mwajiri, wala ndani ya kichwa cha aliyevipata. Serikali iliyobanwa na madeni ya vyuo itaipenda sana njia hii, kwa sababu seva haigomi, haidai mshahara wa mwezi uliopita, wala haihitaji hosteli.

Na dawa si kuzima mtandao. Dawa ni kurudisha kusikizwa ndani ya mtandao, na hilo halihitaji uvumbuzi wa ajabu. Darasa la watu 300 ligawanywe makundi ya watu 15, kila kundi na mkufunzi wake, kamera wazi hata kwa dakika 20 tu kwa wiki, na chuo kilipie bando hiyo. Kila kozi iwe na mtihani wa mdomo: mwanafunzi aeleze alichoandika, aulizwe, ajibu. Hapo utamjua aliyesoma na aliyeandikiwa, awe ameandikiwa na binamu au na mashine. Kila mji uwe na kituo, hata kama ni chumba kimoja cha kukodi chenye umeme wa uhakika na mkufunzi wa zamu.

Sisi wenyewe pia tuna la kufanya. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina baraza mbele ya mlango, mawe yaliyosikiza siasa, mashairi na mpira kwa vizazi. Hakuna sheria inayokataza wanafunzi watano wa vyuo vitano tofauti kukaa hapo jioni na kahawa tungu yao, kila mmoja akawaeleza wenzake alichosoma wiki hii. Kina dada wanaosomea ghorofani nao wana sebule zao. Kumweleza mtu mwingine kitu mpaka akielewe ni mtihani mgumu kuliko maswali ya kuchagua jibu kwenye Moodle, na haulipishwi.

Basi komredi, kama yuko anayekuuzia digrii ya simuni, usimfukuze. Mkaribishe, msikize, halafu kabla hujatuma hata shilingi muulize maswali matatu. Mwalimu wangu atanijua kwa jina? Mara ngapi kwa muhula nitasema, na mtu akanijibu? Nikipotea wiki mbili, nani atanitafuta? Akiwa na majibu, lipa, soma, Mungu akujaalie. Akianza kukuonyesha uzuri wa programu, mwambie vitabu tunavyo tangu zamani.